Kuweka injini ya 1KZ kwenye Land Rover 109 ya zamani: mwongozo kamili kwa sisi wa milimani

Land Rover 109 ya baba mdogo imebeba viazi kutoka Uporoto kushuka Uyole tangu mimi niko shule ya msingi. Ni Series III, injini yake ya asili ni ile dizeli ya cc 2,286 ambayo ikiwa mpya kabisa ilitoa hosipawa 62 tu. Sasa huku kwetu Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, yani hizo 62 huku zinabaki hamsini na kitu, na hiyo ni injini mpya, siyo iliyofunguliwa mara nne kama ya kwetu. Ukiipakia gunia za viazi na kuielekeza mlimani ilikuwa giya ya pili mwanzo mwisho, moshi mweusi, watu wa nyuma wanapiga honi.

Tukaitoa tukaweka 1KZ-TE, dizeli ya Toyota yenye tabo. Nimeshiriki kuanzia siku ya kwanza mpaka gari imetembea, na naandika hapa yote tuliyofanya, na yale tuliyofanya vibaya pia mana ndo yanayosaidia zaidi. Kama gari yako ni Land Cruiser ya zamani au Peugeot 504 pikapu vipimo vitabadilika ila mpangilio wa kazi ni huu huu.

Kabla ya yote shika jambo moja. Injini kukaa kwenye chesisi ndo kazi nyepesi. Kinachoua magari yaliyobadilishwa injini ni rejeta, propela, waya na breki. Na kila kifaa unachochagua jiulize hivi: gari ikizima Makambako saa mbili usiku, fundi ambaye hajawahi kuiona ataielewa? Akishindwa kuielewa, basi kifaa hicho umechagua vibaya hata kama ni kizuri kiasi gani.

Kuchagua injini

Kwa mtu wa huku chaguo ziko kama nne. 3L na 5L za Hiace na Hilux ni rahisi, hazina umeme mwingi, spea zipo kila mahali, lakini hazina tabo, kwa hiyo tatizo la mwinuko linabaki pale pale. 1HZ ya Land Cruiser ni injini ya kuaminika sana, cc 4,164, silinda sita, ila ni ndefu na nzito, kwenye Land Rover utakata hadi ukome na mbele gari inalala. 300Tdi ya Land Rover wenyewe, cc 2,495, hosipawa 111, ndo inakaa kirahisi kuliko zote mana ni ndugu, na kama una Defender au Discovery iliyopata ajali chukua hiyo usihangaike. Shida ni kuipata ambayo haijachoka.

Afu kuna familia ya KZ na KD za Toyota. 1KD-FTV ni ya kisasa zaidi, komoni reli, inavuta vizuri mno na inakula mafuta kidogo. Ila inataka dizeli safi kwelikweli, nozeli zake ni ghali, pedo ya mafuta ni ya umeme, na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini) inataka kuongea na vitu vingi vya gari ilikotoka. Mimi siwezi kumshauri mtu wa kijijini aweke 1KD kwenye gari ya kubebea mazao. Ukiwa na fundi umeme mzuri na gari ni ya kutembelea, sawa, weka.

Sisi tukachukua 1KZ-TE. Ni cc 2,982, ina tabo, inatoa hosipawa kati ya 125 na 145 kutegemea imetoka gari gani. Ina umeme lakini kidogo: pampu moja inayoongozwa na kontroli boksi, waya wa mafuta wa kawaida wa kuvuta kwa pedo, sensa chache. Mafundi wa Prado na Surf wanaoijua wapo kila mji kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Kuna ndugu yake anaitwa 1KZ-T, yenye pampu isiyo na kontroli boksi, ukiipata nzima ishike usiiachie, umeshajiondolea nusu ya kazi ya waya.

Ubaya wa 1KZ unajulikana: ikichemka mara moja tu vibaya, silinda hedi inapasuka. Ndo mana huko chini nitakaa sana kwenye rejeta.

Kununua

Nunua seti nzima, siyo injini kavu. Seti maana yake injini, giaboksi, transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), kontroli boksi, waya zote za injini zisizokatwa, rilei zake, waya wa mafuta, rejeta na kava la feni, hata mauntingi (vishikio vya injini kwenye chesisi). Ukienda Dar pale Ilala na Gerezani utakuta wanauza injini tupu kwa bei inayovutia, afu ukifika Mbeya unaanza kutafuta kontroli boksi peke yake na rilei peke yake, mwishowe umelipa zaidi. Kwetu injini na giaboksi vilikula kama nusu ya pesa yote, nusu nyingine ikaenda kwenye vitu ambavyo mwanzo hatukuviandika kwenye bajeti, kwa hiyo panga hivyo toka mwanzo.

Jambo la kuangalia sana: Prado na Surf nyingi zilizotoka Japani ni automatiki. Injini ya automatiki nyuma ina pleti nyembamba badala ya flaiwili, na mara nyingi kwenye krenki shafti hakuna beringi ya pailoti, kwa hiyo ukitaka kuweka giaboksi ya manual nunua flaiwili, bolti zake, klachi seti na beringi hiyo, vyote vya 1KZ. Sisi tulipata seti ya Prado ya zamani, KZJ78, manual giya tano. Hiyo imetoka familia ya Land Cruiser 70 na propela yake ya mbele inatokea kulia, hili nitalirudia.

Kabla ya kutoa pesa zungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima, isikwame popote. Fungua mfuniko wa oili, chini yake kusiwe na uji uji wa rangi ya maziwa. Shika shafti ya tabo kwa vidole, mchezo wa kulia kushoto mdogo kawaida, ila ikisogea mbele nyuma au mabawa yanagusa nyumba yake, achana nayo. Kwenye pampu ya dizeli kuna resista ndogo zilizofungwa pale pale, hizo zimepimwa kwa ajili ya pampu hiyo, usikubali muuzaji akupe pampu ya injini moja na resista za nyingine. Angalia starta na altaneta ni volti 12 au 24, mana dizeli nyingi za Japani zilitengenezwa kwa volti 24 na Land Rover yako ni 12. Na namba ya injini kwenye bloku isomeke vizuri, ilingane na karatasi ya mauzo, bila hivyo huko mbele utakwama.

Ikifika, kabla ya kuingia kwenye gari, peleka hedi ikapimwe kwa presha. Ndiyo, unaifungua injini inayotembea. Najua inauma lakini gasketi mpya ni bei ndogo kuliko hedi mpya. Hapo hapo badilisha mkanda wa taimingi na beringi zake (huu ni wa kila kilomita 100,000 na wewe hujui huyu ametembea ngapi), pampu ya maji, thamostati, sili ya mbele na ya nyuma ya krenki. Vitu hivi injini ikiwa chini ni kazi ya nusu siku, ikishaingia ndani ni kazi ya siku tatu.

Chesisi na breki kwanza

Usitoe injini ya zamani hujapima. Piga picha kila kona, andika urefu kutoka kwenye puli ya mbele mpaka kwenye rejeta, kutoka kwenye ukuta wa kabini mpaka nyuma ya hedi, urefu wa propela zote mbili gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake.

Afu ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu haiozi kirahisi, chesisi ni chuma na inaoza kutokea ndani. Gonga taratibu, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito kama unagonga gogo. Zingatia pale springi zinaposhikilia na chini ya injini. Palipooza kata weka kipande kipya, usibandike juu ya kutu.

Breki: unaenda kuzidisha nguvu mara mbili kwenye gari ya dramu magurudumu yote manne. 109 ina dramu kubwa kuliko 88, ile Land Rover fupi, na zikiwa nzima zinashika, lakini ziwe nzima kwelikweli, silinda za magurudumu mpya, hozi mpya, bitana mpya, masta silinda isiyovuja, mabomba yaliyoliwa na kutu badilisha yote. Sisi tulifanya breki kabla hata injini haijanunuliwa na nashukuru sana, mana pesa ikishaanza kuisha kila mtu anasema breki tutafanya baadaye.

Giaboksi, na kwanini tuliacha ya Land Rover

Kuna wanaotengeneza adapta pleti ili 1KZ ikae kwenye giaboksi ya zamani ya Land Rover. Inawezekana, lakini mimi sikubaliani nayo kwa sababu mbili. Ile giaboksi ilitengenezwa kwa injini ya hosipawa 62, ukiipa mvuto wa 1KZ utaivunja mlimani na mzigo. Ya pili ni hesabu. Giya ya nne ya Land Rover ni moja kwa moja, transifa inaongeza 1.148, difu ni 4.7, jumla injini inazunguka kama mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi la 7.50-16 linatembea karibu mita 2.45 kwa mzunguko, kwa hiyo ukiwa na kilomita 80 kwa saa injini iko mizunguko 2,900 hivi kwa dakika. Itakuwa inalia njia nzima mpaka Iringa.

Giaboksi ya Toyota ina giya ya tano ambayo ni kama 0.85, na transifa ya juu haipunguzi kitu. Ukizidisha na difu ile ile ya 4.7 unapata 4 kamili, kilomita 80 inakuwa mizunguko 2,200 hivi. Hapo ndo 1KZ inapokaa kwa raha, na hukugusa difu. Ukilazimika kubaki na giaboksi ya Land Rover basi tafuta difu za 3.54 za Defender au Discovery, nazo zinakushusha mpaka hapo hapo.

Difu ya nyuma angalia ni ipi. 109 nyingi za Series III zina Salisbury, ile yenye mfuniko wa bolti nyuma, ni imara sana. Kama ni ile ndogo ya Rover, shafti zake ni nyembamba, utahitaji kuendesha kwa adabu.

Kuingiza injini

Toa kila kitu cha mbele: boneti, mabawa ukiweza, rejeta na paneli yake. Land Rover ina raha hiyo, inafunguka kama kabati. Ning'iniza injini ikiwa imeshaungana na giaboksi na transifa, kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti la kuaminika siyo kwenye mti, afu ishushe taratibu.

Hapa ndo tulipokosea. Gereji moja ya kwanza tuliyoipa kazi walishusha injini, wakaona imekaa vizuri, wakachoma mauntingi kwa weldi moja kwa moja siku hiyo hiyo. Gari ikiwa imesimama ilikuwa nzuri kabisa, kati ya sampo ya oili na ekseli ya mbele kidole kinapita. Siku ya pili tunaelekea Isongole, tukaruka tuta moja tu, nikasikia mlio mkavu mmoja, ko! Tumefika nikaingia chini, nikakuta ekseli imeng'aa sehemu moja ukubwa wa sarafu ya mia mbili, na kwenye sampo kuna kibonyeo kinalingana nayo na tone moja la oili linaning'inia linakataa kudondoka. Mauntingi zote zikakatwa upya.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kuchoma chochote, toa majani ya springi za mbele ubaki na jani kuu, shusha gari mpaka ekseli iguse raba za chesisi, yani hali mbaya kuliko zote inayoweza kutokea barabarani. Hapo kati ya sampo na ekseli ibaki nafasi ya milimita 40 angalau. Geuza usukani kulia mwisho na kushoto mwisho, hakuna fimbo inayogusa chochote. Nyuma ya hedi mkono upite, feni isiguse rejeta, na injini iwe imelala kidogo kuelekea nyuma kama digrii tatu. Tumia raba za mauntingi za 1KZ yenyewe, mabano tengeneza kwa bamba la milimita 6, yawekee pembetatu za kukaza. Choma nukta nukta tu kwanza. Fungia rejeta, ekzosti, propela, leva za giya, vyote viingie mahali pake, ukiridhika ndo utoe injini na uchome mazima. Sisi rejeta ilibidi isogee mbele sentimita sita na sakafu ya katikati ikakatwa kwa ajili ya leva, kazi ya grenda na bati, haina shida.

Kila unapochoma, toa waya za betri, chomoa altaneta na kontroli boksi. Usisahau hata siku moja.

Breki ya mkono

Hii naiweka peke yake mana watu wanaigundua gari ikiwa imeshakamilika. Breki ya mkono ya Land Rover ya zamani haiko kwenye magurudumu, ni dramu iliyoko nyuma ya transifa inashika propela. Ukitupa transifa ya Land Rover umetupa na breki ya mkono. Na gari ya tani na zaidi bila breki ya mkono kwenye miteremko ya Mbalizi na Iwambi sitaki hata kufikiria.

Sisi tulienda kwa fundi wa kukereza vyuma pale Sido, akatukerezea flanji ya kushikilia dramu ile ile ya Land Rover kwenye mdomo wa nyuma wa transifa ya Toyota, na bamba la milimita 10 la kubeba mashuu likafungwa kwa bolti za nyumba ya beringi. Alipima mara tatu kuhakikisha dramu inazunguka katikati kabisa, mana ikiyumba hata kidogo gari yote itatetemeka. Njia nyingine ni kuweka ekseli ya nyuma ya Land Cruiser yenye kebo zake, ila hapo matundu ya rimu yanabadilika na ya mbele itabidi ifuate. Vyovyote utakavyofanya, ipime gari ikiwa na mzigo kwenye mlima, siyo uwanjani.

Propela na klachi

Difu za Land Rover zote mbili, mbele na nyuma, zimekaa upande wa kulia, upande wa dereva. Ndo mana transifa inayotoa propela ya mbele kulia ni lazima, ya kushoto itakutana na sampo. Ya nyuma itakuwa imepinda kidogo kwenda kulia ukiangalia kutoka juu, kwa 109 haina neno kwa sababu propela ni ndefu, kwa 88 pembe inakuwa kali. Kanuni ni hii: pembe ya krosi (kiungo cha propela) ya mbele na ya nyuma zilingane, yani shafti ya transifa na pua ya difu ziwe sambamba. Zisipolingana utasikia mtetemo kuanzia kilomita 60 na krosi zitakufa kila baada ya miezi miwili. Kata propela, unganisha, na lazima ibalansiwe kwenye mashine. Kubalansi kwa macho hakupo.

Klachi tuliacha masta silinda na pedo ya Land Rover, chini tukatumia silinda ya Toyota na hozi ndefu ya kutosha injini ikitikisika. Angalia tu fimbo inasogea vya kutosha, giya ya rivasi iingie bila kulia.

Maji na joto

Maji ya wazi Mbeya mjini yanachemka kwenye digrii 94 hivi, siyo 100 kama Dar, na ukienda juu zaidi yanashuka. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Kwa hiyo mfuniko uliochoka, ambao mtu wa Dar anaweza asiuone kabisa, huku kwetu unakuua. Nunua mpya, wenye presha iliyoandikwa kwa ajili ya 1KZ.

Rejeta ya Land Rover ya dizeli ya zamani haitoshi. Weka ya Prado yenyewe au ya kopa yenye upana huo, pamoja na kava la feni lake, na feni ya asili yenye visko (klachi yake inayoikaza joto likipanda). Kava ndo watu wanalitupa kwa sababu halikai vizuri, na bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia rejeta. Ukipanda Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni nyuma ya lori lenye mzigo mzito unatembea kilomita 15 kwa saa na injini inafanya kazi yote, upepo wa mbele haupo, ni feni na kava tu vinavyokuokoa.

Weka tangi la kulanti la akiba, mahali pa juu kuliko hedi. Tumia kulanti, siyo maji ya bomba, hedi ni aluminiamu na maji matupu yanaila, na Kitulo huko Juni na Julai barafu ni jambo la kawaida. Kutoa hewa ni kazi ya subira: pua ya gari juu kidogo, hita wazi, jaza polepole, washa, subiri thamostati ifunguke, ongeza, zima, ipoe, ongeza tena.

Afu geji. Geji ya zamani ya Land Rover usiitegemee kwa injini hii. Weka geji mpya ya joto yenye namba, na sensa nyingine inayopiga king'ora maji yakipungua. Geji ya joto maji yakiisha sensa yake inabaki kwenye hewa na inaweza kusoma poa wakati hedi inapasuka.

Mafuta ya dizeli

Kama gari yako ilikuwa ya petroli tangi halina njia ya kurudisha mafuta, na pampu ya dizeli inarudisha mengi. Ongeza bomba la kurudisha. Toa tangi, lioshe kabisa, la kwetu lilitoa matope nusu kikombe. Filta weka ya 1KZ yenye kitoa maji chini na pampu ya mkono juu, iwe mahali mkono unafika, mana dizeli ya madumu utakayonunua njiani huko Chunya au Usangu siku moja itakuja na maji.

Vakyumu

Breki busta (ile inayousaidia mguu kukanyaga breki) inahitaji vakyumu, yani nguvu ya kunyonya hewa, na dizeli haitengenezi yenyewe. Kwenye 1KZ pampu ya vakyumu inaendeshwa na injini yenyewe na inalainishwa na oili ya injini. Ukinunua injini isiyo na pampu hiyo busta haifanyi kazi. Bomba kutoka hapo kwenda busta liwe gumu lisilonywea, na vali yake ya njia moja iwepo.

Waya

Tulitumia siku nne hapa na zilistahili. Usichanganye waya za injini na za Land Rover. Acha za Land Rover zifanye taa, honi na waipa kama zilivyokuwa, na za 1KZ ziwe mfumo wake peke yake, zinakutana sehemu chache tu: umeme wa moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, umeme wa swichi, waya wa starta, taa ya chaji, taa ya oili na taa ya injini. Waya nyingine zote za gari ya Toyota zisizohusika toa moja moja ukiwa na mchoro mkononi, usikate kwa kukisia.

Ethi, yani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ndo ugonjwa wa Land Rover. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, pakikutana pana kutu nyeupe na umeme haupiti. Vuta waya mnene kutoka betri hadi bloku, mwingine hadi chesisi, na ethi ya kontroli boksi ipeleke kwenye bloku moja kwa moja. Kontroli boksi iweke ndani ya kabini juu, chini ya dashibodi, kwenye raba, mana Land Rover inavuja mvua na wewe unajua.

Plagi za joto zina rilei yake, ni waya mnene, usitumie ya kuokota. Asubuhi za Juni bila plagi nzima utamaliza betri. Na zipo za volti tofauti zinazofanana kwa macho, soma namba iliyoandikwa kabla ya kununua. Sensa ya spidi ya giaboksi iunganishe pia kwenye kontroli boksi hata kama mshale wa spidi unatumia kebo.

Ekzosti inchi mbili na nusu, isipite karibu na bomba la breki wala hozi ya klachi, palipo karibu weka bati la kukinga joto. Boksi la filta ya hewa liwe kubwa, la Land Rover la oili litupe.

Kuwasha mara ya kwanza

Oili mpya, kulanti, giaboksi na transifa zote zina oili, difu nazo. Chomoa waya wa vali ya kuzima mafuta kwenye pampu ili isiwake, piga starta sekunde kumi, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Hiyo ni kwa ajili ya tabo, isizunguke kavu. Rudisha waya, pampu kwa mkono mpaka filta iwe ngumu, subiri plagi, washa. Iache silensa (iungurume taratibu yenyewe) dakika 20 bila kukanyaga, zunguka na tochi tafuta tone lolote. Ya kwetu iliwaka jaribio la tatu, baba mdogo akashika boneti kwa mikono miwili akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na hakuondoka pale mpaka tulipoizima.

Majaribio fanya kwa kupanda ngazi. Wiki ya kwanza ndani ya mji, Uyole na kurudi, bila mzigo, kila siku unaingia chini. Afu Tukuyu na kurudi. Afu Chunya, ule mlima wa kutoka Mbeya ni mtihani mzuri wa joto na uko karibu na nyumbani. Geji ikisimama sehemu moja mlima wote ndo uweke mzigo. Safari ya Kitonga iwe ya mwisho kabisa. Ukimaliza kupanda usizime hapo hapo, iache silensa dakika mbili tabo ipoe. Kilomita 500 kaza bolti zote za mauntingi, propela na ekzosti. Kilomita 1,000 mwaga oili, mbichi au nyeusi usijali, mwaga, badilisha na filta zote mbili.

Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya injini, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Vyote vimebadilika. Nenda na karatasi ya mauzo ya injini kwa trafiki wa ukaguzi, afu TRA wabadilishe taarifa kwenye kadi, na bima wajulishwe. Fanya mapema, mana siku ukipata ajali ama ukitaka kuuza, gari yenye injini isiyo kwenye kadi inakuweka kwenye maelezo marefu.

Mwisho tulinunua daftari la shule, tukaandika kila kitu: mkanda ni wa KZJ78, klachi pleti ya gari gani, krosi za mbele za Toyota na za nyuma za Land Rover, rilei ya plagi iko wapi, waya wa rangi gani unaenda kwenye starta, na mchoro wa fyuzi ukurasa mzima. Limefungwa kwenye nailoni liko chini ya siti ya dereva. Mwezi wa nane gari ilizima karibu na Igawa, fundi wa pale alilifungua, akasoma dakika tano, akaenda moja kwa moja kwenye fyuzi.